ANAKUPENDA WEWE, AU AMEIPENDA PICHA?

Somo kwa kijana mwenye simu mkononi

Kijana mwenzangu wa Iringa, kamwene! Na wewe wa Mbeya, ugonile! Huenda karatasi hii umeipokea tu kwa sababu mtu alikunyooshea mkono ukaona haya kukataa. Haidhuru. Usiifungie karanga kwanza, isome. Haitakuuliza dini yako wala kabila lako. Inalo swali moja: yule anayekuandikia saa sita usiku, "umelala mpenzi?", anakupenda wewe, au ameipenda picha?

Usicheke. Swali hili limewashinda watu wenye digrii zao. Lilimshinda hata mtoto wa mfalme, kama tutakavyoona mbele. Na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, anayekosea kulijibu hulipa kwa pesa, hulipa kwa shule, hulipa kwa jina lake, na wakati mwingine kwa afya yake.

NJIA NDEFU NA NJIA FUPI

Muulize baba au babu yako alimpataje mkewe. Kijana wa Tukuyu akimpenda binti aliyemwona harusini Makambako, alitafuta kalamu na karatasi yenye mistari. Aliandika, akachana, akaandika tena. Barua ikaenda posta, ikapanda basi. Kama binti alikuwa Dar es Salaam, pengine ilipanda treni ya TAZARA. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, pengine mwezi, pengine halikuja kabisa. Wenye haraka walituma kadi ya salamu Redio Tanzania, jina la binti likasomwa nchi nzima inasikia, basi moyo ukaruka!

Katika kusubiri kule, moyo ulifanya moja kati ya mawili. Ama ulipoa, kijana akajua kumbe ilikuwa tamaa ya siku moja. Ama uliiva. Halafu ndipo akaja mshenga, mtu mzima, mwenye jina lake mtaani. Nyumba ya binti ikaanza kuuliza: Huyu ni mtoto wa nani? Anafanya kazi? Akinywa ulanzi anapiga watu? Hana mke mwingine kule alikotoka? Na majirani walijibu, maana majirani hawakosi la kusema.

Sisemi zamani kulikuwa na malaika. Walikuwepo mabinti waliozwa bila kuulizwa, ng'ombe wakahesabiwa, na wakalia maisha yao yote. Huko tusirudi. Ninachosema ni kwamba njia ile ndefu ilikuwa na watu njiani. Ukianguka kulikuwa na wa kukuona.

Sasa tazama njia ya leo. Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, Instagram mwaka 2010, na TikTok tumeizoea ndani ya miaka michache tu hii. Mtu uliyemwona asubuhi kwenye kioo, usiku mnaitana baba na mama. Kesho kutwa umepanda gari unamfuata Tunduma. Nani amemuuliza habari zake? Hakuna. Njiani kulikuwa na wewe, bando lako, na blanketi.

KUVUTIWA SIYO DHAMBI

Wapo wanaowatisha vijana kwamba kumtazama mtu na moyo ukashtuka tayari umepotea. Mimi sikubaliani nao. Aliyeumba macho alijua yatatazama. Mvuto ni maumbile, kama njaa. Lakini njaa haijui kuchagua chakula. Mtu mwenye njaa kali hula hata kilicholala.

Hebu nikupe kisa cha kweli. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, waliandika habari za jaribio walilofanya Kanada. Kuna daraja la kuning'inia linaitwa Capilano, liko juu ya korongo, mita 70 kwenda chini, nalo linayumba mtu anapopita. Siyo kama Daraja la Mungu letu pale Kiwira ambalo ni mwamba mtupu. Wanaume waliokuwa wanavuka daraja lile walisimamishwa na dada mzuri, akawauliza maswali kidogo, kisha akawapa namba yake ya simu. Wengine waliulizwa maswali yale yale kwenye daraja jingine, imara, lisilotikisika. Unajua kilichotokea? Kwenye daraja la kuyumba, kati ya wanaume 18 waliochukua namba, 9 walimpigia. Kwenye daraja imara, kati ya 16 walipiga 2 tu.

Umeelewa hapo? Moyo wa yule mwanaume ulikuwa unadunda kwa sababu ya korongo. Yeye akadhani unadunda kwa sababu ya dada! Mwili hauna maelezo, unadunda tu, na kichwa ndicho kinatafuta sababu, nacho kinaweza kukosea.

Sasa simu ni daraja la kuyumba. Usiku, giza, siri, wazazi wamelala, ujumbe unaingia simu inatetemeka chini ya mto. Moyo lazima udunde. Wewe unasema, "nimempenda." Inawezekana umependa usiku, na siri, na ile kutetemeka.

Upendo wenyewe ukoje basi? Nakupa mfano wa parachichi, maana Rungwe na Njombe tunalijua. Parachichi likichumwa ni gumu, limeng'aa, macho yanalipenda. Lakini huwezi kujua kwa macho kama litaiva vizuri au litaoza kwenye kikonyo. Unaliweka. Siku zinapita. Unalibonyeza kidogo. Hakuna filta wala picha itakayokuonyesha ndani yake, ni siku tu. Upendo ni vile vile. Unajulikana mtu akiugua, akikosa pesa, akikasirika, akiambiwa "hapana", akiona mwenzake amepata kuliko yeye. Mambo hayo hayawekwi status.

Yakobo wa kwenye Biblia alivutiwa na Raheli siku ya kwanza tu, kisimani. Mvuto ulikuwepo, tena mkubwa. Lakini baada ya hapo alichunga mifugo miaka saba, baba mkwe anamwona kila siku, jasho, jua na baridi. Kama alikuwa na tabia mbaya ingefichwa wapi miaka saba yote?

MASHINE YA DUBWI MFUKONI MWAKO

Pengine unajiuliza, kwa nini simu haiwekeki chini? Kwa nini unaamka saa nane usiku unachungulia kama amejibu? Usidhani ni udhaifu wako peke yako. Kuna watu walikaa mezani wakapanga iwe hivyo.

Umeziona zile mashine za dubwi kwenye vibanda, vijana wanatumbukiza sarafu? Dubwi lingetoa pesa kila mara, lisingekuwa mchezo. Lingekataa kila mara, watu wangeondoka. Linatoa leo, linanyima kesho, halafu linatoa tena usipotarajia. Hapo ndipo kijana anamaliza hela ya mboga. Wataalamu walishaona hilo hata kwa njiwa: wakipewa chakula bila utaratibu wa kujulikana, hawaachi kudonoa.

Simu ni hivyo hivyo. Unashusha kidole, video mbaya, mbaya, mbaya, halafu moja tamu. Unaweka picha, dakika kumi kimya, halafu "like" ishirini kwa mpigo. Ule ukurasa usiokuwa na mwisho, unaoshuka na kushuka, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, Mmarekani, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alieleza kwamba waliotengeneza mitandao hii walijiuliza tangu mwanzo watachukuaje muda wa watu na akili zao kwa wingi iwezekanavyo. Na kwa nini wautake muda wako? Kwa sababu karibu pesa yote ya kampuni yenye Facebook na Instagram inatokana na matangazo. Ukikaa sana, unaonyeshwa matangazo mengi. Mahindi tunauza kwa debe, wewe unauzwa kwa dakika.

Halafu dubwi hili likaingia kwenye mapenzi. Ameona ujumbe, tiki zimekuwa za bluu, hajajibu. Yupo hewani, anaongea na nani? Jana aliandika "nakupenda" mara tano, leo kimya. Keshokutwa anarudi, "samahani mamy, nilikuwa bize," unafurahi kama umeokota dhahabu ya Chunya! Dada yangu, kaka yangu, angalia vizuri. Mtu anayekupenda leo na kukunyima kesho hakuongezei upendo, anakuongezea ulevi. Furaha unayoisikia akirudi ni ya yule aliyepata sarafu kwenye dubwi baada ya kuliwa kumi.

Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nje karatasi za ndani za kampuni hiyo. Mojawapo ilisema asilimia 32 ya wasichana walieleza kwamba wakijisikia vibaya juu ya miili yao, Instagram huwaongezea. Karatasi ile iliandikwa kwa habari za wasichana wa nchi nyingine. Lakini nenda Mwanjelwa uone ndoo za mkorogo zinavyonunuliwa. Binti mzuri, rangi yake ya chokoleti aliyopewa na Mungu, anaiunguza ili afanane na picha yake mwenyewe iliyong'arishwa na simu. Anashindana na picha yake! Na mvulana naye anayetazama nyuso mia kwa siku, akikaa na msichana wa kweli mwenye chunusi na mawazo yake, anamwona ana kasoro. Macho yameharibika, kama ulimi wa mtu aliyezoea sukari nyingi, chai ya kawaida anaiona maji.

AMNONI ALIKUWA NA RAFIKI

Yule mtoto wa mfalme niliyekuahidi ni Amnoni, mwana wa Daudi. Habari zake ziko 2 Samweli sura ya 13, kasome mwenyewe. Alimtamani Tamari, dada yake kwa baba, mpaka akaugua, akakonda. Ungemwona ungesema, huyu anapenda jamani! Kama angekuwa na simu angeweka status za kulia kila siku.

Alikuwa na rafiki, Yonadabu, mtu mjanja sana. Yonadabu hakumwambia "nenda kaseme na baba." Alimfundisha mbinu: lala ujifanye mgonjwa, omba Tamari aje akupikie. Kila kundi la WhatsApp lina Yonadabu wake. Ndiye anayesema, "mwambie akutumie picha, akikataa mwambie hakuamini." Ndiye anayesema, "mkaribishe geto, sema unaumwa." Chunguza anayekushauri mambo ya mapenzi, yeye mwenyewe ameishi na nani kwa amani?

Tamari akaja, akapika. Amnoni akawatoa watu wote nje. Hapo pashike! Mvuto unaotaka kuharibu hutoa watu nje kwanza. Tamari alimsihi, alimwambia azungumze na mfalme. Hakusikia, akamlazimisha. Na baada ya kumaliza? Akamchukia kuliko alivyompenda. Akaamuru mtumishi amtoe nje na kuufunga mlango nyuma yake. Leo tunasema amemblok. Binti amebaki nje na vazi lililochanika, kaka mtu ameshafunga komeo.

Tamari hakuwa na kosa. Nasisitiza hilo kwa sababu nasikia watu mitaani binti akifanyiwa hivi wanauliza alifuata nini kule. Alifuata kupika! Mwenye kosa anajulikana.

MITEGO MITATU

Wa kwanza ni wa pesa. Wote tunaujua ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii," tunaucheka. Lakini tapeli huyo huyo akikuandikia kwa upole mwezi mzima, akakuita malkia, humcheki tena. Yupo Mzungu wa Facebook, mwanajeshi au injinia, ametuma mzigo wa zawadi umekwama uwanja wa ndege, anaomba ushuru. Hakuna mzigo. Na wavulana nao wanaliwa nauli kila siku: ametuma nauli binti aje Mbeya kutoka Morogoro, ameenda stendi amejipulizia marashi, basi limefika, binti hayupo, namba haipatikani. Dada, kula nauli ya mtu unaita ujanja, lakini ni wizi uliopakwa mafuta.

Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole, tena tangu Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Kwa hiyo tapeli anapenda laini iliyosajiliwa kwa jina lako wewe. Piga *106# uone namba zilizo chini ya kitambulisho chako. Na namba ya tapeli, itume 15040, ni bure.

Wa pili ni wa picha. "Nitumie moja tu, nikiiona naifuta." Hata ile inayofunguka mara moja tu, mwenzake anaipiga kwa simu nyingine, kwisha. Mkiwa wapenzi ni zawadi, mkigombana ni silaha. Na mvulana unayemiliki picha ya binti, sikiliza na wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haijali kama alikutumia mwenyewe. Kusambaza picha za ngono ni kosa la jinai. Kumtisha na kumsumbua mtu mtandaoni peke yake adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wewe milioni tano unaitoa wapi?

Wa tatu ni wa safari. "Njoo Dar, nimekupatia kazi, tutaishi wote." Mabinti wa Iringa wamepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani tangu kabla simu hazijaja, na wengi walichukuliwa na mtu anayefahamika kijijini, hata hivyo waliteseka. Sasa leo anakuchukua mtu ambaye hata jina lake la kweli hulijui. Unashuka Magufuli stendi saa tatu usiku, unamngoja mtu mwenye picha ya mtu mwingine.

Na wewe kijana wa kiume usiyeogopa chochote: binti akiwa chini ya miaka 18, hata akikubali, hata akikufuata mwenyewe kwa miguu yake, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inaita ubakaji. Kumpa mimba mwanafunzi, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, ni miaka 30 jela. Mitandaoni kila msichana anaonekana ana miaka 22. Mahakamani kinachosomwa ni cheti cha kuzaliwa. Na dada uliyepata mimba ukaacha shule, usikate tamaa, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mrudi darasani baada ya kujifungua. Nenda kaulize.

HUKU KWETU SIYO KAMA KWINGINE

Sasa niseme neno ambalo wengine wanaogopa kulisema mkutanoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulipima watu wa miaka 15 na zaidi nchi nzima. Kwa Tanzania yote, wenye virusi vya Ukimwi walikuwa asilimia 4.4. Mbeya, asilimia 9.6. Iringa, 11.1. Njombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, 12.7, juu kuliko mikoa yote. Zipo sababu nyingi zinatajwa: barabara kuu ya malori kwenda Zambia, vibarua wanaohamahama kwenye chai na mbao, wanaume wengi ambao zamani hawakutahiriwa. Vyovyote iwavyo, hesabu ni hiyo. Watu kumi wakikaa kwenye benchi Iringa, kwa wastani mmoja wao anaishi na virusi. Na hajaandikwa usoni, wala kwenye picha.

Mwenye virusi siyo adui yako. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi vikashuka visionekane kwenye kipimo, haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Wa kuogopwa ni asiyepima na asiyetaka kupima. Ukimwambia mpenzi wa simu, "tukapime wote kituo cha afya," akakasirika, akasema humwamini, basi amekujibu swali letu la mwanzo.

KAMA UMESHANASWA

Pengine unasoma huku tumbo linauma, kwa sababu yameshakukuta. Usijifungie ndani. Kuna vijana wamekunywa sumu kwa ajili ya picha ambayo mtaa ungeisahau baada ya mwezi mmoja.

Anayekutisha kwa picha, usimlipe. Akilipwa leo, kesho anaongeza bei. Usifute ujumbe wake, ndio ushahidi wako. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, mama mdogo, shangazi, mwalimu, mchungaji kama unaye. Kisha nendeni polisi mkaulizie Dawati la Jinsia na Watoto, lipo kwa kazi hiyo. Mtoto au mtu yeyote mwenye habari za mtoto anaweza kupiga 116, simu hiyo haikatwi salio.

Uliyelazimishwa kama Tamari, wahi hospitali, usingoje kukauka machozi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usioge kwanza, usifue nguo. Fomu ya polisi, PF3, itashughulikiwa, uhai kwanza.

Na kama umeachwa tu, ameku-blok, moyo unauma, hakuna kosa la jinai hapo, ni maumivu. Nayo ni ya kweli, usimruhusu mtu akucheke. Dorothy Tennov, mtaalamu wa Marekani aliyeandika kitabu mwaka 1979 juu ya wazimu huu wa moyo, aliona kwamba hata ule mkali kabisa kwa kawaida haudumu zaidi ya miaka michache. Utapoa. Lakini hautapoa kama unachungulia status yake kwa namba ya rafiki yako kila jioni. Futa namba. Kalime, kacheze mpira pale shule, kaimbe, kalale mapema. Simu ilale chumba kingine. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu, mkono utakuwa unapapasa mfuko kama wa mvuta sigara.

MTOE KWENYE KIOO

Mwisho ni kazi ya kufanya wiki hii. Yule anayesema anakupenda, mtoe kwenye kioo umlete kwenye mwanga.

Mwambie mwonane mchana, mahali penye watu, na wewe umekwenda na mwenzako. Siyo geto, siyo gesti, siyo "nikupitie na bajaji." Mwulize jina lake lote, anakaa mtaa gani, anafanya kazi na nani, halafu mtume mtu akaulize, kama mshenga wa zamani alivyofanya. Siyo umbea, ni akili. Mwambie "hapana" kwa jambo moja dogo, utazame uso wake. Kaa wiki mbili bila kumtumia picha wala kuomba pesa ya bando, uone kama bado ana la kuongea na wewe. Akiwa na mke Mafinga, atajulikana. Akiwa mwanafunzi anayejifanya mhandisi, atajulikana. Na akiwa mtu mwema, hiyo nayo itajulikana. Wapo wema waliokutana mitandaoni wakafunga ndoa na wanalea watoto, sitawakana.

Kisha mwalike nyumbani. Mwambie Jumamosi mama yupo kuanzia saa nne asubuhi, baba akitoka shamba atakuwepo saa saba, na chai itakuwa mezani. Usimweleze zaidi ya hapo. Sikiliza tu atasema nini.